Maji ya Anande

1

Siku Nakunda alipokwenda ofisi ya maji ya kata kuchagua njia ya kusafisha maji ya nyumbani kwake, alimchukua na binti yake Anande, kwa sababu fomu ilitaka mtoto awepo. Anande alikuwa na miaka sita. Alivaa viatu vya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, na njia nzima alikuwa akiuliza kama kuna sindano.

"Sijui," Nakunda alimjibu. "Tukifika tutaambiwa."

Kijiji chao, Nkoasinde, kilikuwa kwenye mteremko wa mlima ambao watu wazima bado waliukumbuka ukiwa na mito. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu chemchemi za msituni zianze kukauka moja baada ya nyingine. Vilibaki visima virefu tu, na maji yake yalikuwa maangavu, ya baridi, na yamejaa floraidi. Madini hayo hayana harufu wala rangi. Mtoto akiyanywa, meno yanaota na madoa ya kahawia. Akiendelea, miguu inapinda. Mtu mzima anakakamaa mgongo. Eliakimu, mume wa Nakunda, alikuwa na miaka thelathini na minane na tayari hakuweza kugeuza shingo. Akiitwa kwa nyuma, aligeuka mwili mzima kama mtu aliyebeba ngazi.

Fundi wa maji aliyewapokea aliitwa Raheli Sumari, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliwaonyesha benchi, akakaa mbele yao.

"Kuchemsha usahau kabisa, mama," alianza. "Kuchemsha kunaua wadudu wa kuharisha, hilo ni kweli. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale. Unazidi kumkolezea mtoto."

"Mimi huyu namnywesha maji ya mvua peke yake," Nakunda alisema. "Tangu azaliwe. Nina tanki dogo, nalifunga na kufuli. Sisi wengine tunakunywa ya kisima."

Raheli alimtazama Anande meno. Yalikuwa meupe. "Vuli iliyopita ilinyesha siku ngapi?"

"Siku tisa."

"Basi tanki halitamfikisha mbali." Raheli aliendelea. Kulikuwa na mashine ya utando, inayosukuma maji kwa nguvu kwenye ngozi nyembamba ya plastiki. Ilihitaji umeme mwingi, na katika kila ndoo tatu ilimwaga mbili. Kulikuwa na mkaa wa mifupa, njia waliyoitumia bibi zao: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lililozibwa hewa, inapondwa kama chenga za mahindi, inajazwa kwenye pipa na maji yanapitishwa humo. "Mfupa unaipenda floraidi. Ndiyo maana inatuharibu sisi. Ila sasa ng'ombe wako wapi?"

Ng'ombe wa mwisho wa ukoo wao walikufa kwa kiangazi mwaka ule ule Nakunda alipojifungua Anande.

"Ya mwisho ni mfupa hai," Raheli alisema. "Tunachukua chembe hai chache kwenye nyonga ya mtoto, tunazikuza ndani ya chupa. Mfupa wa mtoto bado unakua, una njaa. Huo wa kwenye chupa ndio utakaokunywa sumu badala yake. Wa mtu mzima haufai, umeshajaa. Hata watoto wengi wa hapa wamechelewa. Huyu wako ni wa kwanza mwaka huu kumwona ana mifupa safi."

Anande alikuwa anasikiliza. "Siyoni naye atakunywa?"

Siyoni alikuwa rafiki yake wa nyumba ya pili, mtoto wa jirani yao Ndeshi. Magoti yake yalikuwa yameanza kugongana.

"Maji yatatosha nyumba sita," Raheli alisema. "Siyoni atakunywa."

Anande alitafakari. Kisha akamuuliza mama yake kama anaweza kushikwa mkono wakati wa sindano. Nakunda alikuwa anajaza fomu, kwa hiyo aliyemshika mkono alikuwa Raheli.

2

Chupa ililetwa baada ya miezi mitatu. Ilikuwa ya kioo kinene, kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Mafundi waliiweka ndani ya kabati la bati jikoni, wakaizungushia blanketi la umeme ili ibaki na joto la mwili wa mtu. Ndani yake mfupa ulikuwa umeota matundu matundu, mweupe wenye wekundu kidogo, kama dodoki lililolowa. Maji ya kisima yaliingia kwa juu, yakapenya polepole, yakatokea chini na kupita kwenye bomba mpaka nje ya ukuta, ambako majirani walichota.

Kila asubuhi Nakunda alimimina mfuko mmoja wa lishe, ambao mafundi waliuita uji. Kila mwisho wa mwezi alifunga bomba, akatia dawa ya kuoshea, akasubiri nusu saa mpaka dawa ilipomenya tabaka la juu lililojaa sumu, ili mfupa uote upya. Wakati wa kuosha, dodoki lilijikunja na maji yakatetemeka kwenye kioo. Kitabu cha maelekezo kilisema hiyo ni kemia tu.

Anande alipenda kuwaingiza wenzake jikoni, afungue kabati na kuwaambia, "Huyo ni mimi." Nakunda alikuwa akimkemea, nusu kwa kucheka.

Alipokuwa na miaka minane, mwezi wa saba, alirudi shuleni anaumwa kichwa. Siku ya pili shingo ilikaza. Hospitalini walisema ni homa ya uti wa mgongo. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, Nakunda alitoka wodini kwenda kumchotea maji ya kunawa uso. Aliporudi na beseni, muuguzi alikuwa amekwisha kumfunika.

Walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Eliakimu alikataa kusaidiwa kuchimba. Kwa mgongo ule ilimchukua siku nzima.

Wapishi wa msiba walijaza masufuria kwenye bomba la ukutani, kama kawaida. Waombolezaji mia mbili walikunywa chai. Nakunda alipewa kikombe, akakishika, halafu akakumbuka maji yale yametoka wapi. Alikiweka chini. Kwa wiki tatu alikunywa maji ya kisima, akijificha ili mumewe asimwone.

Wiki ya nne aligundua kwamba mumewe, aliyekuwa amempokea kazi ile, naye katika majonzi yake hakuwa ameupa mfupa uji kwa siku mbili. Alikimbia jikoni peku. Mfupa ulikuwa umepauka. Alimimina mfuko, akakaa sakafuni mbele ya kabati, na kabla ya saa sita wekundu ulianza kurudi. Toka siku hiyo hakukosa asubuhi hata moja. Wala hakunywa tena maji mengine.

Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, Gadieli. Watu wakaanza kumwita Mama Gadi. Walidhani wanamwonea huruma. Ndeshi peke yake, mama yake Siyoni, ndiye aliyeendelea kumwita Mama Anande.

3

Gadi alikuwa na miezi minane Raheli alipokuja kukagua chupa. Haikuwa siku ya ukaguzi. Alibisha hodi saa nne asubuhi akiwa peke yake, bila gari la kampuni, amebeba mkoba mdogo. Eliakimu alikuwa shambani.

"Mwezi huu umeshaosha?" aliuliza.

"Bado. Kesho."

"Naomba tuoshe leo, mimi nikiwepo."

Raheli alifungua kabati, akamulika kioo kwa tochi kwa muda mrefu. Kisha alimwita Nakunda asogee. Katikati ya matundu ya mfupa kulikuwa na nyuzi, nyembamba kuliko unywele, za rangi ya maziwa. Nakunda alikuwa ameziona mwezi uliopita akadhani ni uchafu wa uji.

Raheli alitumbukiza waya mbili nyembamba, akaziunganisha kwenye kifaa chenye kioo kidogo. Mstari wa kijani ulitokea, umelala, ukipanda na kushuka kidogo kidogo.

"Sasa tia dawa. Taratibu."

Nakunda alimwaga dawa kama alivyokuwa akifanya kila mwezi. Dodoki lilijikunja. Mstari uliruka juu, ukawa miiba mitupu, ukabaki hivyo. Raheli alihesabu dakika tano kwa saa yake, mstari haukushuka. Nakunda alifungua bomba la dharura kwa mkono wake mwenyewe, dawa ikatoka. Mstari ulichukua robo saa kulala tena.

Gadi alikuwa anatambaa sakafuni akipiga kifuniko cha sufuria. Nakunda alimnyanyua, akampakata.

"Zile ni nini?"

"Nyuzi za fahamu," Raheli alisema. "Zinaota zenyewe kwenye mifupa iliyokaa miaka mingi. Hatukuzipanda."

"Anasikia?"

Miaka minne yote walikuwa wakisema *unaota, unakunywa, umejaa*, kama inavyosemwa kuhusu mfupa. Nakunda mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema. Neno lilikuwa limemtoka.

"Kampuni inasema si maumivu," Raheli alijibu. "Inasema maumivu yanahitaji ubongo, na humu hakuna ubongo. Huenda ni kweli."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sijui, mama. Nimeangalia mstari huu nikasoma kila nilichoweza kusoma, na sijui. Na nadhani hata wao hawajui."

Alikunja waya zake. Alisema mafundi walikuwa wamepewa maagizo: wakizikuta nyuzi wazikate, wasimwambie mwenye nyumba. Hii ilikuwa chupa ya sita. Katika tano za kwanza alizikata nyuzi akanyamaza.

"Kwa nini mimi unaniambia?"

"Kwa sababu huyu nilimshika mkono."

Raheli akamweleza yaliyowezekana. Angeweza kuzikata, na mstari ungelala. Baada ya wiki sita zingeota tena, nyingi kuliko mwanzo. Kwenye ghala la baridi la kampuni kilikuwa kimebaki kichupa kimoja cha chembe za Anande. Zingeweza kuotesha mfupa mpya wa kuwanywesha miaka minne mingine, lakini hakuna aliyejua nyuzi zingesubiri mwaka gani safari hiyo. Au wangechukua chembe za Gadi. Mifupa yake ilikuwa safi.

Nakunda alimkumbatia mtoto mpaka akalia.

"Nimemwosha mara arobaini na sita," alisema.

4

Eliakimu alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni na jembe mkononi.

"Anande tulimzika," alisema mwishowe. "Nilichimba mimi. Kilichomo jikoni ni mfupa kwenye chupa."

"Baba Gadi, ungeuona ule mstari."

"Hata mgomba ukiukata unatoa maji. Utasema unalia?"

"Mgomba sikuuzaa."

Aliweka jembe chini. Hakuwa mtu wa ugomvi, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Nitazame mimi, mke wangu. Nitazame shingo hii. Baba yangu alikufa amekunjika, ikabidi seremala atengeneze jeneza fupi pana kama sanduku. Unataka Gadi awe hivi? Yule wa kwenye chupa hatujui kama anaumia. Huyu tunajua."

Alisema *yule*. Wote wawili walisikia. Eliakimu alitaka kugeuka asitazamwe, lakini shingo haikumruhusu, akabaki pale pale mbele ya mkewe, machozi yakimtiririka.

Kwa siku nne hawakuzungumzia tena jambo hilo. Nakunda aliendelea kumimina uji. Alikuwa akisimama mbele ya kabati mpaka maziwa yanafurika jikoni. Majirani walikuja na ndoo kama kila siku, wakachota, wakashukuru. Alikuwa anawahesabu watoto: nyumba sita, watoto kumi na mmoja. Wanne walikuwa wamezaliwa baada ya chupa kuletwa, na wote walikuwa na meno kama ya Anande.

Alijua kwamba kama angenyamaza, Raheli naye angenyamaza. Mfupa ungeoshwa mwisho wa mwezi, na watoto kumi na mmoja wangekunywa.

Siku ya tano alimwambia mumewe, "Mimi siwezi kutia dawa tena. Kama wewe unaweza, utie wewe. Sitakuzuia wala sitakulaumu."

Eliakimu alikwenda jikoni. Nakunda alimsikia akifungua kabati, akasikia chupa ya dawa ikigusa kioo. Alipotoka, chupa ya dawa ilikuwa bado imejaa.

"Mwite Raheli," alisema.

5

Nakunda aliwaambia majirani Jumapili saa kumi jioni, walipokuja kuchota. Aliwaeleza kila kitu, hata maagizo ya kampuni, kisha akawaambia kwamba Jumatano chupa itafungwa. Mzee mmoja alimwaga ndoo yake palepale, akaondoka. Mwanamke mwenye mapacha aliuliza kama wanaweza kujaza madumu mpaka Jumanne, Nakunda akamwambia wajaze kila walicho nacho. Wengine walisimama tu wakitazama ukuta, bomba likiwa linatiririka.

Ndeshi alisubiri wote waondoke, akamfuata Nakunda ndani. Siyoni alikuwa naye. Alikuwa na miaka kumi sasa, mrefu, na alitembea akiyumba. Daktari alikuwa ameahidi kumnyoosha miguu akifikisha miaka kumi na minne, kwa sharti moja: kuanzia sasa mpaka siku ya upasuaji asionje maji ya kisima. Mfupa uliojaa haushiki vyuma, alisema, unavunjika.

"Mama Anande," Ndeshi alisema, "kichupa kile kilichobaki, nipe mimi."

Nakunda hakuwa ametarajia hilo.

"Nitakiweka kwangu. Hutakiona. Nitakuwa naosha mimi, kama ni dhambi iwe yangu. Miaka minne tu. Siyoni akishapasuliwa, naizima chupa siku hiyo hiyo."

"Ndeshi..."

"Zile nyuzi zilichukua miaka minne kuota. Huenda safari hii hazitaota kabisa. Huenda mwanao hatasikia chochote, na wangu atatembea. Mbona hili ni dogo?"

Nakunda alikaa kwenye kigoda. Aliona kwamba hoja ile ilikuwa nzuri. Alijaribu kuifikiria chupa nyingine nyumba ya pili, kabati jingine, mwisho wa mwezi. Angejua tarehe. Kila tarehe thelathini angekuwa amekaa hapa jikoni akijua.

"Raheli anasema kwenye nyumba moja zilionekana mwaka wa pili," alisema. "Zinaanza kabla hazijaonekana. Hakuna anayejua zinaanza lini."

"Anande mwenyewe alikubali kwa ajili ya Siyoni. Uliniambia wewe mwenyewe siku ile mlipotoka ofisini, ukicheka. Alimuulizia Siyoni."

"Alikuwa na miaka sita. Alikubali sindano moja."

Siyoni alikuwa amesimama mlangoni ameinamisha kichwa.

"Siwezi, Ndeshi. Nisamehe. Ningekuwa naweza kukupa mfupa wangu ningekupa leo. Huo siwezi."

Ndeshi alimshika binti yake mkono. "Haya, Mama Gadi," alisema. "Tumesikia."

6

Jumatano asubuhi Raheli alikuja na kisanduku cha barafu. Ndani yake kulikuwa na kichupa kisichozidi kidole kidogo. Aliandika kwenye karatasi za kampuni kwamba kimeharibika ghalani, na akasema kwa utulivu kwamba wakimgundua atapoteza kazi.

Kulikuwa na namna mbili za kuzima. Ya kwanza ni kukata uji na umeme, mfupa ukafa kwa siku tatu. Ya pili ilikuwa dawa ya usingizi, ile wanayotumia hospitalini, kisha joto kushushwa kidogo kidogo. Kampuni haikuwapa mafundi dawa hiyo. Raheli alikuwa ameipata kwa muuguzi.

"Haihitajiki," alisema, "kama hakuna wa kulala."

"Tia," Eliakimu alisema.

Waya ziliingizwa, mstari wa kijani ukatokea. Nakunda alimimina mfuko wa uji, kama asubuhi zote, kisha Raheli akatia dawa. Mstari ulianza kulegea. Joto lilishuka digrii moja, baadaye nyingine. Nakunda alikuwa ameweka viganja viwili kwenye kioo, na aliendelea kuviweka kioo kilipokuwa vuguvugu, na kilipopoa. Hakuimba wala hakuomba kwa sauti. Eliakimu alisimama nyuma yake na Gadi begani. Saa tano na dakika chache mstari ulinyooka, na Raheli akazima kifaa.

Mfupa ule ulikuwa umebeba sumu ya miaka minne. Sheria ilitaka upelekwe kuchomwa kwenye tanuru la kampuni, na ukizikwa hivihivi ungeirudisha sumu yote ardhini, kwenye mizizi ya migomba na kwa wachimba visima watakaokuja. Nakunda alikuwa amejiandaa kuuachia. Lakini Eliakimu aliwaita nje. Kwa siku mbili, bila kumwambia mtu, alikuwa amejenga kisanduku cha zege, kuta zake unene wa shubiri, ndani amekipaka lami mara tatu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

Raheli alikigonga kila upande, akainama kutazama pembe. "Hakitavuja," alisema.

Waliuweka mfupa humo pamoja na kichupa. Walihitaji watu wanne kukishusha kwenye shimo kando ya kaburi la Anande, na walikuwa watatu. Mzee aliyemwaga ndoo Jumapili alitokea kwenye migomba, akashika upande wa nne.

7

Baada ya hapo wao na majirani wakarudi kwenye mkaa wa mifupa. Raheli, aliyefukuzwa kazi mwezi huo huo, aliwaonyesha jinsi ya kujenga tanuru na kuliziba. Nakunda alikuwa akitoka alfajiri kila Ijumaa kushuka mpaka machinjio ya mjini, akiwania mifupa na watengeneza chakula cha kuku, na kurudi na gunia kichwani. Walichoma, wakaponda, wakachekecha, wakajaza pipa. Pipa lilitoa ndoo moja na nusu kwa siku. Walikubaliana iwe ya watoto peke yao, ya kunywa na ya kupikia, kwa sababu uji uliopikwa kwa maji ya kisima unamrudishia mtoto sumu ile ile. Watu wazima wangekunywa ya kisima.

Nakunda alitenga sehemu ya Siyoni na kuipeleka mwenyewe kila asubuhi. Ndeshi alikuwa akifungua mlango, akapokea dumu, akafunga mlango.

Mwezi wa tatu tangu waanze, Raheli alipima maji ya pipa. Mifupa ya machinjio ilikuwa ya ng'ombe wa visima vilevile, wenye kunywa floraidi tangu wakiwa ndama. Mkaa wake ulikuwa umejaa nusu kabla ya kuanza kazi. Maji yalikuwa na nafuu, ila hayakuwa safi. Kwa mtoto kama Gadi yangeweza kufaa, wakibadilisha mkaa kila wiki mbili. Kwa mifupa inayosubiri vyuma, Raheli alisema, hapana.

Nakunda alikwenda kumwambia Ndeshi siku hiyo hiyo. Ndeshi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kusema ukweli." Ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia tangu Jumapili ile.

Wiki mbili baadaye lori lilisimama nyumba ya pili. Ndeshi alikuwa anahamia makambi ya tambarare, kule linakofika bomba la ziwa, ambako watu walipewa hema na ndoo mbili za maji safi kwa siku, lakini hawakupewa ardhi. Migomba yake aliiacha imesimama. Kitanda, masufuria, cherehani na mkungu mmoja wa ndizi mbichi vilikuwa vimepakiwa. Siyoni alikuwa amekaa mbele na dereva, miguu imenyooshwa juu ya begi.

Nakunda alifika na dumu la lita tano. Alikuwa ameamkia pipa saa kumi alfajiri, akachuja maji mara mbili kwenye mkaa mpya.

"Ni ya njiani," alisema. "Mpaka mfike."

Ndeshi alilitazama dumu. Nakunda alidhani hatalipokea, akaanza kulirudisha kifuani. Ndipo Ndeshi alipolichukua kwa mikono miwili, akalipitisha dirishani kwa binti yake. Siyoni alifungua kifuniko, akanywa kwa pupa, maji yakimchuruzika shingoni.

"Polepole," Ndeshi alimwambia. "Ni safari ya siku nzima."

Alipanda nyuma, akakaa juu ya godoro. Hakupunga mkono. Lakini lori lilipoanza kushuka alikuwa bado anamtazama Nakunda, na alimtazama mpaka kona ya shule ilipowaficha.

Nakunda alirudi nyumbani. Gadi alikuwa ameamka, analia kiu. Alimpa kikombe kutoka kwenye pipa, akamshikia mpaka alipomaliza. Kiu ilikuwa imemshika na yeye. Alichukua kata, akatoka nje, akachota kwenye ndoo ya kisima, akanywa amesimama.